Visanduku Vitupu Si Herufi Zilizopotea

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo karibu limtie hasara jirani yangu. Ni jambo la visanduku vile vitupu vinavyotokea katika simu au kompyuta mahali ambapo maneno yalipaswa kuwapo.

Mama huyo ni mke wa askari, na wakati huo mumewe alikuwa kazini mbali na nyumbani. Kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiweka akiba katika chama cha akiba na mikopo, shilingi juu ya shilingi, kwa nia ya kununua gari la abiria lililotumika kutoka Japani, lifanye kazi kati ya Kasese na Bwera. Njia hiyo haikosi watu. Wapo wanaokwenda soko la Bwera, na wapo wanaoelekea mpakani Mpondwe ili wavuke hadi Kasindi, upande wa Kongo. Gari zima huweza kulisha nyumba na kusomesha watoto. Gari bovu, kwa upande mwingine, huila akiba ya nyumba na pia huhatarisha roho za abiria.

Dalali mmoja alikuwa amewapelekea anwani ya ukurasa wa intaneti wenye gari alilolisifu sana. Mama aliufungua ukurasa ule katika simu yake ndogo ya vibonyezo. Picha zilionekana: gari jeupe, safi, linang'aa. Lakini chini ya picha, mahali pa maelezo, palikuwa na visanduku vitupu, safu baada ya safu. Jioni ile akanijia akiwa na simu mkononi.

"Mwalimu," akaniambia, "dalali anasema tusipolipa kabla ya Ijumaa gari litachukuliwa na mwingine. Lakini naona simu hii inanificha jambo. Iweje picha zionekane, na maneno yote yawe yamefutwa? Au huyu bwana ameyafuta kwa makusudi?"

Nilimjibu kwamba maneno hayakufutwa. Yalikuwamo yote, hata katika simu yake. Kilichokosekana kilikuwa ni sura za kuyaonyesha. Aliniomba nimweleze maana ya jibu hilo, na nikamweleza kama ifuatavyo. Nadhani maelezo hayo yatawafaa na wengine, maana siku hizi familia nyingi hununua vitu vya mbali kwa kutazama kioo cha simu.

Herufi ni namba, sura ni nguo

Mashine haijui herufi, bali hujua namba. Kila herufi unayoiandika huhifadhiwa kama namba, na ili mashine zote za dunia zielewane, kuna daftari moja kubwa linalotoa namba kwa kila herufi ya kila lugha. Daftari hilo huitwa Unicode. Shirika linalolitunza lilisajiliwa huko California, Marekani, mwaka 1991, na toleo la kwanza la daftari lilitoka mwaka huohuo. Kwa daftari hilo, herufi kubwa A ni namba 65. Herufi ŋ ya Luganda, ile ya kuandikia neno eŋŋoma, ni namba 331. Herufi ya Kijapani あ, yaani sauti ya "a", ni namba 12354.

Namba hiyo haionekani kwa macho. Ili ionekane, ni lazima ivikwe sura, na mkusanyiko wa sura hizo huitwa fonti. Wale wanaokumbuka viwanda vya chapa vya zamani watanielewa upesi. Mpangaji chapa alikuwa na makasha ya herufi za risasi: kasha la herufi nyembamba, kasha la herufi nene, kasha la herufi za vichwa vya habari. Karatasi ya mwandishi ilisema ni herufi gani ipangwe, na kasha ndilo lililotoa sura yake. Ikiwa kasha halina herufi inayotakiwa, mpangaji hulazimika kutafuta katika kasha jingine, au kuacha pengo.

Hivyo ndivyo ifanyavyo programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ambayo siku hizi kwa Kiswahili huitwa kivinjari. Kivinjari ndicho mpangaji chapa, na fonti zilizomo katika simu au kompyuta yako ndizo makasha yake.

Jinsi kivinjari kinavyotafuta

Askari na polisi wanaijua vema desturi ya ghala. Tuseme askari anahitaji viatu. Karatasi yake ya ruhusa inaagiza: tazama kwanza ghala la kwanza, kama hamna saizi yake, tazama la pili, kama hamna, mpe viatu vyovyote vya aina ile, na kama hata hivyo havipo, tafuta popote kambini. Mtunza ghala hufuata agizo hilo hatua kwa hatua. Kivinjari nacho hufanya vivyo hivyo, nacho hukifanya kwa kila herufi peke yake.

Hatua ya kwanza: mtengenezaji wa ukurasa huandika orodha ya majina ya fonti kwa utaratibu anaoupenda. Desturi ya kuandika orodha ya namna hii imo katika kanuni za mapambo ya kurasa tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996. Kivinjari huanza na jina la kwanza. Kama fonti hiyo imo katika mashine na ina sura ya herufi inayotakiwa, hutumiwa. Kama haimo, au imo lakini haina herufi hiyo, kivinjari huenda kwa jina la pili, kisha la tatu.

Hatua ya pili: mwisho wa orodha aghalabu huandikwa agizo la jumla, kwa mfano "fonti yoyote isiyo na vikia" au "fonti yoyote yenye vikia". Hapo kivinjari hutazama mipangilio yake chenyewe ili kijue fonti ipi ya aina hiyo imewekwa kwa ajili ya lugha hiyo.

Hatua ya tatu: kama orodha yote imeshindwa, kivinjari huuliza mfumo wa mashine, iwe ni Android, Windows au mwingine: "Je, kuna fonti yoyote humu ndani yenye herufi hii?" Ikipatikana, huazimwa. Fonti hiyo ya kuazima ndiyo fonti ya akiba.

Hatua ya nne: kama hapana kabisa, huchorwa kisanduku kitupu. Baadhi ya vivinjari, kama Firefox, huandika ndani ya kisanduku tarakimu ndogo ndogo, ambazo ni ile namba ya herufi katika daftari la Unicode. Hilo ni jambo la uungwana: ni kama mtunza ghala akwambiaye, "Viatu sina, lakini nimeandika saizi yako."

Kwa kuwa utafutaji hufanywa herufi kwa herufi, hutokea neno moja likavikwa nguo za aina mbili. Msomaji wa Luganda huenda ameona ŋ moja iliyo nene kuliko herufi jirani zake. Msomaji wa Kikuyu naye huenda ameiona ũ au ĩ ikiwa imesimama kama mgeni katikati ya neno. Hakuna kosa la tahajia hapo. Fonti iliyochaguliwa haikuwa na herufi hiyo, na kivinjari kimeazima kwa jirani.

Kwa nini Kijapani ni kigumu zaidi

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna herufi chache, nazo zimo karibu katika kila fonti duniani. Wajapani huandika kwa aina tatu za herufi kwa pamoja. Aina mbili ni za silabi, hiragana na katakana, na kila moja ina alama za msingi 46. Aina ya tatu ni kanji, alama zilizotoka China karne nyingi zilizopita, na kila moja hubeba maana. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010. Kanuni ya kompyuta za Kijapani ya mwaka 1978 ilikuwa tayari na kanji 6,349. Daftari la Unicode lilipoingiza alama hizo, lilianza na alama 20,902 kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea.

Kwa hiyo fonti ya Kijapani ni mzigo mzito. Fonti ya herufi zetu ni kama mfuko wa chumvi, na ile ni kama gunia la kahawa. Mtengenezaji wa ukurasa hawezi kuituma nzima kila mara, kwa sababu msomaji angemaliza data yake kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Wengine huikata vipande vidogo na kutuma vile vinavyohitajika tu, lakini kurasa nyingi hutegemea kwamba fonti imo tayari katika mashine ya msomaji. Simu ndogo ya vibonyezo, yenye nafasi finyu, kwa kawaida haina. Kompyuta kuukuu zenye Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, nazo hazikuwekewa fonti hizo zilipouzwa nje ya Asia ya Mashariki, isipokuwa mwenye kompyuta alipoziongeza mwenyewe. Kwa hiyo ukurasa uleule husomeka Tokyo na hugeuka visanduku Kasese.

Wajapani wenyewe wana utani juu ya visanduku hivyo. Huviita tofu, kwa kuwa vinafanana na vipande vyeupe vya chakula chao kitokanacho na maharage ya soya. Kampuni ya Google ilipoanza kutengeneza fonti za lugha zote za dunia, ilizipa jina la Noto, likiwa na maana ya "hakuna tofu". Mwezi wa Julai 2014, Google na Adobe zilitoa bure fonti moja kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea yenye sura 65,535, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho faili moja ya fonti ya aina hiyo inaweza kubeba. Fonti hiyo imo leo katika simu nyingi za Android, na ndiyo sababu simu nyingi za kioo za siku hizi huonyesha Kijapani bila matatizo.

Mfupa mmoja, sura mbili

Liko jambo jingine ambalo hata wenye simu nzuri hukutana nalo. Waliotunga daftari la Unicode waliamua kwamba alama iliyo moja kwa asili na maana ipewe namba moja, hata kama Wachina na Wajapani wanaichora kwa tofauti ndogo. Mfano ni alama 骨, maana yake mfupa, yenye namba 39592. Katika uandishi wa China bara, kijisanduku kidogo kilicho ndani ya kichwa cha alama hiyo hukaa upande wa kushoto. Katika uandishi wa Japani hukaa upande wa kulia. Namba ni moja na sura ni mbili. Hapa gazetini utaona ile tu ambayo fonti ya mpiga chapa imeitoa.

Je, kivinjari kitajuaje kuchagua? Hutazama kwanza alama ya lugha ambayo mtengenezaji ameuandikia ukurasa wake. Kila lugha ina alama fupi: Kijapani ni ja, Kiswahili ni sw, Luganda ni lg, na Lhukonzo chetu cha hapa Kasese ni koo. Ukurasa ukiwa na alama ya ja, kivinjari huchukua fonti ya Kijapani. Ukurasa usipokuwa na alama yoyote, kivinjari hulazimika kukisia, aghalabu kwa kutazama lugha ambazo mwenye mashine amezichagua. Mwenye simu iliyopangwa kwa Kiingereza au Kiswahili hajasema lolote juu ya Kijapani, na simu nyingi za Android katika hali hiyo huanza na sura za Kichina, kwa kuwa ndizo zilizotangulia katika orodha yake ya akiba. Mjapani akitazama simu hiyo atasoma na kuelewa, lakini ataona kitu kisicho cha kwao, kama vile sisi tungeona Kiswahili kilichoandikwa na mkono wa mgeni.

Dawa yake ni rahisi. Tangu Android toleo la 7 la mwaka 2016, mwenye simu anaweza kuorodhesha lugha zaidi ya moja. Ukibakiza lugha yako ya kwanza na kuongeza Kijapani chini yake, simu itajua kwamba kanji zisizo na alama ya lugha zivikwe sura ya Kijapani.

Maradhi matatu, dalili tatu

Baada ya maelezo hayo mama aliniuliza, "Sasa nitajuaje kama maneno yapo au yameharibika kweli?" Nilimpa dalili tatu, na ninawapa na ninyi.

Dalili ya kwanza ni visanduku vitupu. Hapo maneno ni mazima. Kinachokosekana ni fonti. Ukiyanakili yalivyo na kuyatuma katika simu nyingine yenye fonti, yataonekana. Hata programu ya kutafsiri itayasoma, kwa maana yenyewe hutazama namba, wala haitazami sura. Usiyafute.

Dalili ya pili ni mchafuko wa herufi za Kizungu zenye vikofia na vikia, kama ã na è, zikiwa zimesongamana bila maana. Hapo namba zimesomwa kwa daftari lisilo lake, kwa kuwa kabla ya Unicode kuenea Wajapani walikuwa na madaftari yao wenyewe, na baadhi ya kurasa za zamani bado huyatumia. Wajapani huyaita maradhi haya mojibake. Kuongeza fonti hakutasaidia. Jaribu kivinjari kingine, au mwombe aliyetuma atume upya.

Dalili ya tatu ni alama ya kuuliza ndani ya umbo jeusi la almasi. Maana yake ni kwamba kivinjari kilikutana na namba isiyosomeka kabisa. Maandishi yakiwa yamehifadhiwa katika hali hiyo, mara nyingi yaliyopotea hayarudi, na budi kutafuta nakala ya asili.

Yaliyoonekana katika simu ya kijana

Turudi kwa jirani yangu. Nilimshauri autume ukurasa ule katika simu ya mtoto wa dada yake, kijana anayesoma chuo, ambaye ana simu ya kioo. Kijana aliufungua palepale kibarazani. Visanduku vyote vikawa herufi. Katikati ya orodha ya maelezo palikuwa na maneno haya: 修復歴, na mbele yake neno あり.

Maneno matatu ya kwanza husomwa "shufuku-reki", maana yake historia ya ukarabati. Neno あり, "ari", maana yake ipo. Katika biashara ya magari ya Japani, historia hiyo haihusu taa iliyobadilishwa au mlango uliopakwa rangi. Huhusu gari ambalo mifupa yake, yaani fremu na mihimili inayoshikilia bodi, iliwahi kuumia na kunyoshwa au kubadilishwa. Wajapani wenyewe huandika sehemu hizo kwa alama ileile ya mfupa niliyoitaja hapo juu.

Mama alimpigia dalali simu na kumwuliza. Kwanza dalali alisema hajui Kijapani. Alipoulizwa mara ya pili alikiri kwamba gari "liligongwa kidogo tu". Bei yake, hata hivyo, ilikuwa ile ya gari ambalo halijawahi kugongwa. Mama alimshukuru, akamwambia atasubiri baba wa watoto arudi, na Ijumaa ikapita. Akiba yao bado ipo chamani.

Sisemi kwamba kila gari lililowahi kukarabatiwa ni bovu. Yapo yaliyotengenezwa vizuri yakafanya kazi miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mnunuzi ana haki ya kujua, na bei ifuate ukweli, hasa kwa gari litakalopakia watoto wa shule na wagonjwa wanaopelekwa hospitali.

Kata na uhifadhi

Kwa wale wanaofikiri kununua gari, ninaandika hapa maneno machache ya kulinganisha kwa macho. Huna haja ya kujua kuyasoma. Tazama maumbo tu.

修復歴 — historia ya ukarabati wa fremu.
あり — ipo.
なし — haipo.
走行距離 — umbali ambao gari limekwisha kwenda.
平成 — enzi ya Heisei, iliyoanza 1989. Ongeza 1988 juu ya namba inayofuata. Heisei 25 ni mwaka 2013.
令和 — enzi ya Reiwa, iliyoanza tarehe 1 Mei 2019. Ongeza 2018. Reiwa 2 ni mwaka 2020.

Hesabu hiyo ya miaka si mchezo. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache maalumu. Mwaka unaoandikwa katika kurasa za Japani mara nyingi ni ule wa kusajiliwa mara ya kwanza, na gari huweza kuwa lilitengenezwa kabla ya hapo. Kwa hiyo ulizeni mwaka wa kutengenezwa, na mpate jibu kwa maandishi.

Jambo moja zaidi juu ya enzi ya Reiwa. Ilipoanza, daftari la Unicode liliongezewa alama moja tu mpya, mwezi wa Mei 2019: alama ㋿, inayobeba jina lote la enzi hiyo katika mraba mmoja. Simu na kompyuta zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuwa na sura yake. Kwa hiyo mashine ya zamani yenye Kijapani kizuri inaweza kuonyesha kisanduku kitupu mahali pa mwaka peke yake. Ukiona mwaka umegeuka kisanduku, usidhani umefichwa. Jaribu simu mpya zaidi.

Mtakumbuka pia kwamba karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari na maandishi ya mkono, hutumwa kama picha. Fonti haina kazi hapo, wala haitageuka visanduku. Katika karatasi hiyo daraja la R au RA aghalabu huonyesha gari lililokarabatiwa baada ya ajali. Dalali akikunyima karatasi hiyo, mwulize sababu.

Machache ya nyumbani

Wenye kompyuta ya Windows 10 wana fonti mbili za Kijapani tayari ndani yake. Wanaotaka nyingine waingie katika mipangilio, sehemu ya vipengele vya hiari, waombe fonti za ziada za Kijapani. Hazina malipo zaidi ya data. Ofisi zenye kompyuta kuukuu zisiharibu fedha kununua programu za fonti mitaani, kwa kuwa fonti za Noto hutolewa bure.

Wanaotuma ujumbe mfupi wa simu nao wana jambo la kuangalia. Ujumbe mmoja wa herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka ndani yake herufi moja tu isiyo katika orodha ya kawaida ya simu, kama ŋ, ujumbe wote hubadilishwa namna ya kuandikwa na hubeba herufi 70 tu. Ndiyo sababu barua fupi kwa mama nyumbani huweza kulipiwa kama jumbe mbili au tatu. Mwenye salio dogo na aandike ng' kama tufanyavyo katika Kiswahili.

Na wenye magari ya Japani msishangae redio ikikosa stesheni nyingi. Redio za magari hayo zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, ambayo kwa miaka mingi yaliishia megahezi 90, ilhali stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Redio si mbovu. Fundi ataiwekea kifaa kidogo cha kubadili masafa.

Ndugu wasomaji, milima yetu ina maji mengi na mawe mengi, na waliokaa kando ya mto Nyamwamba wakati wa mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 wanajua kwamba hasara haipigi hodi. Lakini hasara ya kununua kitu usichokisoma inaweza kuzuilika. Mume akiwa kazini na mke akiwa nyumbani, asiyeelewa asione haya kuuliza: kuuliza si ujinga. Kisanduku kitupu katika simu yako hakikuambii kwamba hapana neno. Kinakuambia kwamba neno lipo, na kwamba inafaa ulitafute katika simu ya jirani kabla hujatoa fedha zako.

Mpaka juma lijalo, nawatakieni amani nyumbani na kazini.